Mke Wangu Aliuliza Alikuwa wa Ngapi, Nami Nikamjibu

Bi. Nola mpendwa,

Nisaidie kabla sijaijibu barua pepe moja iliyokaa mbele yangu, maana nikiijibu vibaya nimekwisha na nisipoijibu nimekwisha vilevile. Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na saba, profesa wa hisabati tumizi katika chuo kikuu hapa Hobart, yaani ile hisabati ya watu wanaotaka kujua mkate utapasukia wapi ukiwa ndani ya tanuri na moto wa msituni utaruka barabara au hautaruka. Jina langu andika Darryl na mke wangu mwite Rosslyn, siyo majina yetu. Rosslyn huisoma safu yako kila Jumamosi kwa sauti, kipande cha mkate wa kuchoma mkononi, na huwacheka sana wanaokuandikia, kwa hiyo unaweza kuona nimefika wapi hata leo nimekaa nakuandikia mimi.

Maisha yangu yote ya kazi ni ya kuhama. Nilianza Dunedin, kule New Zealand, tukahamia Townsville kwenye joto, tukahamia Wollongong, kisha huku Hobart, na kila mara nilipanda, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa, na kila mara Rosslyn alifunga karakana yake. Yeye ni fundi wa fidla, huziunga zilizopasuka na kuzipa sauti zilizonyamaza, na kazi hiyo haina matangazo, inakwenda kwa mtu kumwambia mtu, kwa hiyo kila mji huanza na meza tupu akangoja miaka watu wamjue, na watu wakishamjua mimi huingia mlangoni na habari njema. Hakuwahi kukataa. Tulipoondoka Wollongong alisema tu, "Haya, lakini safari hii masanduku utafunga wewe," nami nikafunga, na mengine hadi leo hayajafunguliwa, yako gereji, gari linalala nje.

Sasa Brisbane wamenitaka. Wanaanzisha kituo kipya cha hisabati ya mafuriko na wanataka niwe mkuu wake, watu ishirini chini yangu, ofisi inayotazama mto, na jibu wanalitaka kabla mwezi haujaisha. Barua yao ilinikuta kwenye chumba cha chai. Idara yetu ni kama idara zote za hisabati nilizopitia, chai ya asubuhi ni ibada, asiyetokea huulizwa yuko wapi, na vikombe vinaning'inia ukutani kila kimoja na jina la mwenyewe, ila mimi hunywea kile cheupe kilichoandikwa MGENI kwa sababu tangu nifike sijapata wasaa wa kuleta changu. Basi nikawa nasoma simu, na Dragan, mtakwimu wetu, mtu mwenye mdomo, akanikazia macho.

"Aa! Uso huo naujua," akasema mbele ya wote. "Darryl kapata posa nyingine."

"Posa gani, Dragan? Ni barua ya benki."

"Benki gani inamchekesha mtu hivyo? Jamani, ndugu yenu anaondoka. Kwani alikuwa ameshafika?"

Wakacheka, nami nikacheka nao, nikaiacha chai nusu kikombe.

Habari nikaificha hadi Jumapili mchana, tulipokaa kula mbavu za kondoo na njegere, nikaona heri nimweleze Rosslyn kwa utaratibu, maana nikieleza kwa utaratibu mimi mwenyewe hutulia. Kuna kanuni moja ninayowafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza, huwaamsha hata waliosinzia. Ukiwa unachagua katika vitu vinavyokuja kimoja kimoja, na ukikiacha kimoja hakirudi tena, basi theluthi ya kwanza na kidogo juu yake iache yote ipite, unaangalia tu, unajifunza, halafu baada ya hapo chukua cha kwanza kinachovishinda vyote ulivyoviona, na ukishakichukua unasimama, huangalii tena. Imethibitishwa, hakuna njia inayoishinda. Nikachora kwenye karatasi ya kufutia mikono, nikamwonyesha kwamba tukikadiria maisha yangu yataniletea vyeo kumi na kimoja, vinne vya kwanza vilikuwa vya kuangalia tu, na Brisbane ni cha tano na kinavishinda vyote, kwa hiyo hesabu yenyewe inasema twende.

"Kumi na kimoja kimetoka wapi?" Rosslyn akauliza. "Tulipokuja huku ulisema vinane. Vitatu vya kuangalia, Hobart ndiyo yenyewe. Ulichora hivyohivyo, pale kwa mama yako."

"Nimerekebisha kadirio," nikasema, na hilo, Bi. Nola, ni jambo tunalolifanya kazini kila siku, hali ikibadilika unarekebisha, si kosa.

"Kwa hiyo hata hapa tulikuwa tunaangalia tu."

"Kwa hesabu, ndiyo."

Akaitazama ile karatasi. "Na mimi, Darryl? Mimi nilikuwa wa ngapi?"

"Wa nne," nikasema.

Nilisema kwa sababu ndiyo kweli, na kwa sababu nilidhani namsifu, maana nilipokuwa kijana niliwahi kukadiria kwamba nitakutana na wasichana wanane wa kuoa, watatu wakapita, akaja yeye, akawashinda wote, nikasimama, na kwangu mimi hilo ni jambo zuri kuliko mashairi yote, kanuni ilifanya kazi mara moja na ikafanya kazi kwake. Yeye akaweka uma chini. "Kumbe nilifaulu mtihani," akasema, kisha akaniuliza taratibu, "Na siku ukirekebisha kadirio?" Nikacheka, nikidhani ni utani. Akainuka, akaosha sahani yake, moja tu, yangu akaiacha pale.

Asubuhi yake alikwenda Launceston kwa dada yake. Nguo kaziacha, lakini randa ndogo, vibano na chungu chake cha gundi havipo, na karakana inanuka tu mbao. Ameniandikia ujumbe mmoja: "Usinipigie mpaka ujue unachotaka kuniambia." Na hicho ndicho nisichokijua.

Nikuambie na hili ambalo sijamwambia mtu. Siwezi kutulia, Bi. Nola, sijui kwa nini, nikikaa nataka kusimama, nikifika mahali natazama matangazo ya kazi ya mahali pengine kama mtu mwingine anavyotazama matokeo ya mpira. Kila kiangazi kuna wiki moja wanahisabati tunakusanyika, wenye viwanda wanatuletea matatizo yao Jumatatu, sisi tunagawana vyumba, tunabishana, tunachafuka chaki, na Ijumaa tunasimama mbele yao na jibu, na wiki hiyo ndiyo iliyonipa jina, ule mkate wa kupasuka niliutatua humo, na ndiyo wiki pekee katika mwaka ninapolala usingizi wa kweli. Ikiisha najiona mzigo. Na ukweli wenyewe ni kwamba kwa miaka mingi sasa wazo langu mwenyewe silioni, naandika maombi ya ruzuku na kukaa vikaoni, hesabu wanafanya wanafunzi wangu na jina langu linawekwa, na nimegundua kwamba mahali papya watu hukupa miaka miwili mitatu ya heshima kabla hawajauliza, huyu bwana siku hizi anafanya nini. Hapa Hobart wameanza kuniangalia. Au mimi ndiye nadhani wameanza.

Wiki iliyopita Losaline, mwanafunzi wangu wa uzamivu niliyemwita kutoka Tonga, akaja na mumewe na mtoto, anachunguza mawimbi yanavyopita juu ya miamba ya matumbawe yakafika pwani, alikuja na mlinganyo uliomkwamisha. Kwa kuwa nyumbani hakuna mtu nikakaa naye mchana kutwa ubaoni, nikahangaika, nikashindwa, nikaanza kufuta, naye akanishika mkono, mtu ambaye nimemwambia mara mia aniite Darryl na akajibu, "Ndiyo, Profesa."

"Usifute, Profesa," akasema. "Hapo palikuwa pazuri."

Brisbane sijamwambia. Nadhani atanifuata, wengi hufuata. Lakini hayo ni mambo ya kazi, swali langu ni la nyumbani: je, niwakubalie Brisbane kwanza halafu nimbembeleze Rosslyn ofisi ikiwa tayari yangu, au nimrudishe Rosslyn kwanza halafu nimzoeshe wazo la Brisbane polepole? Hesabu zangu zinakuja nusu kwa nusu.

Darryl, Hobart

*

Darryl,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa.

Kwanza hilo jina la bandia halijakusaidia kitu. Katika mji huu kuna mafundi wa fidla wangapi walioolewa na maprofesa wa mikate? Jumamosi hii dada yake atafungua gazeti kule Launceston, na kabla chai haijapoa mkeo atakuwa ameshajua. Na labda ndicho ulichokitaka, umwambie kupitia kwangu kwa kuwa mdomo umekushinda. Sikulaumu kwa hilo. Mwanamume akiogopa hutuma mjumbe.

Sasa tuje kwenye ile "wa nne". Ndugu yangu, hivi ulikuwa umelogwa? Mimi nimeolewa mara mbili, mume wa pili aliishi na mimi hadi anazikwa na hakuwahi kujua alikuwa wa ngapi, maana hakuuliza, na angeuliza ningempa pai ya moto ale anyamaze. Mkeo hakukuuliza namba. Alikuuliza kama naye ni kimoja cha vile ulivyokuwa "unaangalia tu", na wewe ukampa jibu la darasani. Naamini kabisa ulikuwa unamsifu. Nimekaa na watu wa aina yako, mjomba wangu alikuwa mpima ardhi, nayajua mapenzi yenu yalivyo, yamo lakini yanatolewa kwa vipimo. Rosslyn naye anayajua, amekaa nayo ujana wake wote. Kilichomuuma si ile nne. Kilichomuuma ni pale alipokukumbusha ya vinane, nawe ukamwambia umerekebisha. Mtu aliyerekebisha mara moja atarekebisha tena, na yule mwanamke hilo kaliona kabla yako. Swali lake la mwisho wewe ulilicheka. Mimi lilinitoa machozi, na mimi si mtu wa kulialia.

Hebu nikuulize wewe mwenyewe uliyeithibitisha kanuni hiyo, maana mimi hesabu zangu zinaishia kwenye bei ya viazi. Umeandika kwa mkono wako kwamba mtu akishachukua anasimama, haangalii tena. Soma barua yako. Huko ndiko kanuni inakoishia, na katika maisha yako umeitii mara moja tu, siku ulipomchukua Rosslyn. Kwingine kote umefanya ile nusu inayokupendeza, ya kuangalia, na ilipofika nusu ya kusimama ukaongeza idadi ili uendelee. Hiyo si hisabati, Darryl. Huo ni woga wa mtu mwenye elimu.

Na woga wenyewe umeusema, halafu ukauruka kana kwamba ni dimbwi la maji. Unaogopa watu wagundue kwamba wazo limekukimbia. Pole. Nakupa pole ya kweli, maana najua ilivyo kukaa mbele ya kazi uliyoipenda na mikono ikawa mizito. Lakini nitakuambia nilichokiona. Barua yako nzima ina maneno mengi ya Hobart, chai, Dragan na mdomo wake, ubao, chaki, yule binti na mawimbi yake. Ya Brisbane umeandika ofisi na idadi ya watu, basi. Hukusema hata siku moja utakaa kufanya hesabu huko. Utakuwa mkuu wa vikao, bwana mkubwa anayetazama mto, na baada ya miaka miwili mitatu watu wataanza kukuangalia, na utapaka miguu mafuta tena. Hapo umri utakuwa umekwenda, na wa kukufungia masanduku hayupo.

Ile wiki yenu ya kiangazi ni nzuri, nakuamini. Ila umeyafanya maisha yako yote yawe wiki hiyo, kila mji unaingia Jumatatu na Ijumaa uko nje. Mkeo hafanyi kazi ya wiki. Hakuna fidla inayoungwa kwa haraka, gundi inataka muda wake, na vibano haviondolewi kwa kuwa fundi amechoka kungoja.

Huyo binti wa Tonga umemweka chini kabisa, ukasema ni mambo ya kazi. Si kweli. Kavuka bahari na mume na mtoto kwa sababu ulimwambia njoo, na wewe unapanga kuondoka bila kumwambia, huku yeye akikuita Profesa. "Atanifuata." Afuate na nani? Na mume ambaye labda ameshapata kazi hapa? Na mtoto ambaye labda ameshazoea shule? Umeshamzoea Rosslyn kwa kufuata, sasa unadhani watu wote wana magurudumu. Halafu huyo huyo ndiye aliyekushika mkono akakwambia usifute. Mchana ule ulishindwa, lakini ulikuwa unafanya hesabu, tena kwa mkono wako. Miaka mingi hukuwa umefanya hivyo, umesema mwenyewe, na hukuiona raha yake kwa sababu ulikuwa na haraka ya kufuta.

Kwa hiyo nakujibu. Umeniletea njia mbili, ya kumzunguka mkeo kwa mbele na ya kumzunguka kwa nyuma, na zote mbili ni za kumzunguka. Sizitaki. Waandikie Brisbane leo, uwashukuru, uwaambie hapana. Leo, kabla hujaenda Launceston, usije ukaibeba Brisbane mfukoni kama kitu cha kupatania bei. Mkeo atakunusa mlangoni. Ukiona mkono unakataa kuandika hiyo hapana, basi umejua unachokitaka kuliko yeye, na hapo uwe mwanamume umwambie hivyo, mmoja aende na mwingine abaki, nalo si la aibu kuliko unalolifanya sasa.

Ukishatuma, washa gari. Usichukue karatasi wala kalamu. Ukifika usieleze kanuni, usieleze kadirio, na akikuuliza tena alikuwa wa ngapi, Darryl, kwa ajili ya Mungu, funga mdomo. Mwambie umewakatalia na umesimama. Kisha muulize anatengeneza fidla ya nani, umsikilize hadi amalize. Sikuahidi kwamba atarudi nawe siku hiyo. Amechukua chungu cha gundi, hiyo ni ishara mbaya, inawezekana kule ameshapata wateja, na akitaka kukaa kwanza, wewe ndiye utakayengoja safari hii. Wakati unangoja, yale masanduku ya gereji yafungue yote, gari lilale ndani.

Na wewe, mama wa fidla, kama unasoma na mkate mkononi, mimi sikutumi kurudi. Naomba tu mlango umfungulie aseme sentensi moja. Ikizidi moja, mfungie.

Jumatatu, Profesa, nenda kwa Losaline mkaanzie palepale aliposema palikuwa pazuri. Mkishindwa, shindweni pamoja. Na saa ya chai ikifika, ingia na kikombe chako, kiandike jina, kitundike na vingine, Dragan aseme atakalosema. Kile cheupe kirudishe kabatini. Siku moja atakuja mgeni kweli, atakitafuta.

Nola